Guru wa Chuma na Sisi Wenye Diploma

Leo niko na neno juu ya Narendra Raval, yule mzee wa Devki Steel Mills ya Kenya ambaye watu wanamwita Guru. Historia yake inapita sana katika magrupu yetu ya WhatsApp, na kila anayeituma anaongeza kwamba vijana tuamke, tufanye bidii.

Kitabu cha maisha yake, Guru: A Long Walk to Success, kilitoka 2018. Kijana wa Gujarat, India, anafika Kenya kutumikia hekalu. Anaoa, anaacha ukuhani, na mwaka wa 1986 anafungua pamoja na mke wake duka dogo la vyuma Gikomba, Nairobi. Kutoka dukani anafika kiwandani: nondo, mabati, baadaye simenti. Wakati wa Covid kampuni yake ikatoa oksijeni bure kwa hospitali. Hapo mwenye moyo atasema asante.

Mimi mahali paliponiuma ni Gikomba. Nilipomaliza lisansi, baba mdogo aliniita nimsaidie katika duka lake la misumari na mabati hapa Butembo: kupima, kuandika madeni. Nilikataa. Nilisema sikusoma miaka mitano ili nikauze misumari. Nikangoja kazi ya biro, na mpaka leo ningali nangoja. Kumbe Guru, aliyetoka hekaluni, hakuona haya kuuza chuma sokoni. Hapo amenishinda, nakubali.

Lakini habari hii, namna tunavyoituma, iko na matundu mawili. La kwanza, inahesabu bidii tu. Tanuru la kuyeyusha chuma linakula umeme mwingi, na nondo zinataka barabara na bandari. Kenya ilikuwa na Mombasa. Sisi, kutoka Butembo mpaka Beni tu, mtu anaomba Mungu kwanza ndipo apande gari. Kijana wa Lubero anayeamka saa kumi ya usiku hakukosa bidii. Kumwambia akazane tu ni kumtukana.

Tundu la pili ni wafanyakazi. Zamani Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji maskini wa Scotland, alitajirika kwa chuma Marekani. Aliuza kampuni yake 1901, akalipia maktaba zaidi ya 2,500. Lakini 1892, kwenye kiwanda chake cha Homestead, ugomvi wa mishahara ulifika kwenye risasi, watu wakafa. Baadaye akawajengea maktaba nzuri. Mtu anayetumika saa 12 kwa siku atasoma saa ngapi?

Sisemi Guru alifanya hivyo. Nasema kitabu cha tajiri juu ya maisha yake mwenyewe hakitoshi kujibu swali hilo. Tungehitaji pia kumsikia yule aliyesimama mbele ya tanuru. Zawadi tunaihesabu haraka, mshahara hatuuulizi.

Wiki hii nitapita kwa baba mdogo, nione kama mlango bado uko wazi. Nitamwomba msamaha, nitapima misumari. Halafu, siku nitakayopata nguvu, nitamuuliza kwa heshima: baba, hawa vijana wanaobeba mabati mgongoni, unawalipa ngapi?

Na wewe uliyesoma, unaona namna gani?