Mbao Zinazokubali Kupinda

Piano ilizaliwa Italia, lakini kifua chake kilipata nguvu Marekani. Mwaka 1843, mjini Boston, Jonas Chickering alipata hataza ya fremu ya piano kubwa iliyosubiwa kwa chuma, kipande kimoja kizima. Zamani mvuto wa nyuzi ulibebwa na mbao, nazo zilibadilika kila hewa ilipobadilika, sauti ikaharibika. Fremu ya chuma huhimili mvuto wa takribani tani 20. Ndiyo maana piano moja hujaza ukumbi mzima.

Wakaja akina Steinway, wahamiaji wa Kijerumani walioanzisha kampuni yao New York mwaka 1853. Kazi yao ninayoihusudu kuliko zote ni ule ubavu uliopinda. Mbao nyembamba za mepo, mti mgumu kwelikweli, hupakwa gundi na kupangwa moja juu ya nyingine, hadi 18 kwa piano ya ukumbini. Mafundi huubeba mzigo huo kwa pamoja, mbiombio, maana gundi haingoji mtu. Huuzungusha kwenye kalibu wakiusukuma kwa mabega na mikono, huku wakikaza vibano. Kisha ubavu huachwa wiki kadhaa utulie. Hataza ya mtindo huo ni ya mwaka 1880, na kiwandani mwao Astoria, New York, bado wanaufuata. Fundi asiyejua kuacha kitu kitulie, kwangu hajahitimu.

Nasi watu wa pwani tumo katika historia hii ya piano. Vibonyezo vyeupe vilivalishwa pembe za ndovu, na nyingi zilitoka bara hadi Bagamoyo na Unguja mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa. Kutoka Unguja zilisafirishwa hadi Connecticut, katika miji ya Ivoryton na Deep River. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi zing'are, zikapangwa kwa rangi na mishipa yake. Ustadi ule ulikuwa mkubwa. Gharama yake, kwa watu na kwa ndovu, haikustahili kulipwa.

Plastiki ilipochukua nafasi ya pembe, sauti haikupungua, kwa kuwa haikuwa humo kamwe. Imo katika ubao wa sprusi ulio chini ya nyuzi, na katika nyundo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa. Fundi wa sauti hugonga kibonyezo, husikiliza, kisha huidunga sufu kwa sindano ilegee kidogo, asije akazidisha. Ningepewa nafasi ya kujifunza kazi moja tu kiwandani, ningeomba hiyo.