Unga wa Watamu katika Maandishi ya Susan Beckerleg

Hapa Alexandria tumekaa matanga ya vijana zaidi ya mara moja, na tukiuliza marehemu aliugua nini tunajibiwa, "Presha." Virginia ilitangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu ya heroini na dawa za jamii yake tangu Novemba 2016. Kwetu bado ni presha.

Ndiyo maana tumezisoma upya makala za Susan Beckerleg, mwanaanthropolojia aliyeanza kwa kuchunguza tiba za Waswahili wa pwani ya Kenya, kisha akawageukia vijana wa unga wa Watamu na Malindi. Kichwa cha makala yake ya 1995 katika jarida la African Affairs kinawapa vijana njia mbili: brown sugar au sala ya Ijumaa. Mizani hiyo tunaiona nyepesi. Wavuta unga tuliowajua sisi, wengine walitoka msikitini wakaenda maskani, kesho yake wakarudi msikitini.

Lakini Beckerleg hakuchukua habari akaondoka. Alishirikiana na Omari Project, iliyowahudumia watumiaji wa unga hukohuko, na maandishi yake yakazidi kuwa na watu ndani. Mwaka 2005, yeye na wenzake walieleza jinsi vijana wa Malindi walivyoacha kuvuta wakaingia kwenye sindano, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipofika unga mweupe ulioitwa white crest. Sisi tulikuwa tukilaumu malezi tu. Kumbe mzigo ulioshushwa nao ulikuwa na lake.

Mwaka huohuo, pamoja na Gillian Lewando Hundt, aliandika juu ya wanawake watumiaji, akakataa kuyaeleza maisha yao kwa umaskini na uonevu peke yake. Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Mwanamke anabaki na akili na maamuzi yake, hata yale mabaya.

Lawama yetu ni Kiingereza chake cha wasomi. Mama wa Watamu aliyemkaribisha ndani akamweleza habari za mwanawe ataisoma vipi? Basi tumeanza kuifasiri wenyewe, Jumamosi jioni. Jumamosi ya kwanza tulikwama saa nzima: tuandike "teja" au "mtumiaji"? Mama mmoja aliyekuwa akimimina chai akasema tuandike "mtoto wa watu". Hatujaafikiana.