Ufundi wa Chumba Kimoja

Kariakoo kuna kila kitu, na hiyo ndiyo kazi ya anayeishi pale. Ukitoka mlangoni Mtaa wa Narung'ombe, hujafika Msimbazi umeshatajiwa bei ya feni, mapazia, seti ya glasi, ndala za watoto na ndoo yenye mfuniko wake. Kontena linashushwa leo, kesho mali yake iko mabegani mwa machinga. Mtu anayekaa katikati ya bidhaa zote hizo, na bado chumbani kwake pana nafasi ya kutandika mswala bila kusogeza kitu, huyo namhesabu kuwa fundi.

Nasema chumba kwa sababu familia nyingi za pale hazijawahi kuwa na zaidi ya hicho. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo inajulikana: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma uani kwenye jiko, bafu na choo. Waingereza walipogawa viwanja vya eneo hili kwa mitaa iliyonyooka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndio mtindo uliojengwa, miti na udongo kwanza, matofali baadaye. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji wa Dar es Salaam miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka 1963, aliikuta nyumba hiyohiyo ya vyumba sita imejaa wapangaji, kila mlango na familia yake. Watu wa makabila mbalimbali, korido moja.

Shangazi yangu alipanga katika nyumba ya namna hiyo, yeye, mumewe na watoto. Kitanda chao kilikuwa cha futi tano kwa sita, kila mguu umekaa juu ya tofali. Wageni walidhani matofali yale ni kinga ya maji ya mvua. Kumbe shabaha yake ilikuwa mvunguni. Nyuma kabisa, ukutani, palikaa sanduku la bati lenye nguo za Idi, vyeti vya watoto na doti za kanga ambazo hazijakatwa. Mbele ya sanduku, mfuko wa shangazi kaja wenye mashuka na vyandarua. Ukingoni kabisa, masufuria yaliyoingiana, kubwa likimeza dogo, na mifuniko imelazwa juu yake. Cha kila siku kilikaa mbele, cha mara mojamoja katikati, cha mwaka nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwa shangazi aliyeinama ni mtaka cha sikukuu tu. Wengine walinyoosha mkono.

Asubuhi godoro la watoto lilipanda juu ya kitanda cha wazazi, likafunikwa kwa shuka lilelile, na hapo pakawa pa kukalia. Mkeka ulikunjwa ukasimamishwa nyuma ya mlango. Sare za shule zilikuwa na misumari yake, na msumari ukishabeba sare haubebi kitu kingine. Pazia lililotenga kitanda mchana lilifungwa fundo, kwa hiyo mgeni akiingia aliona sebule. Usiku likishushwa, sebule ilikwisha. Naona watu wanasifu nyumba kubwa kwa idadi ya vyumba, lakini kile kimoja kilifanya kazi ya vyumba vitatu kwa siku, na kila zamu iliandaliwa kwa mkono.

Chakula hakikuwekwa akiba. Sukari robo, mafuta ya kula ya kupima, nyanya fungu moja, mkaa wa kopo, vyote kwa Mangi au kwa mama wa genge pale kona. Najua hesabu: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na hilo ni kweli. Ila gunia nalo linapanga. Linataka nafasi yake, linaalika panya na fukusi, na chumba cha bati bila dari joto lake halimwachi mchele salama. Hatua chache kutoka kwa shangazi lilisimama soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lile lenye paa kama miavuli na ghorofa chini ya ardhi kwa mizigo ya jumla. Stoo ilikuwa ile. Kwa nini ajenge nyingine mvunguni?

Vitu vilivyobaki vilikaa kwa majirani. Nyumba nzima ilikuwa na kinu kimoja, ngazi moja, na mbuzi mbili za kukunia nazi, moja ikiwa na meno butu ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Pasi ilikuwa ya chumba cha kona. Masufuria ya shughuli yalikodiwa pamoja na viti na turubai. Kuazima kuna adabu yake: chombo hurudishwa siku ileile, kimeoshwa, na sahani ya jirani hairudi tupu. Asiyeijua adabu hiyo hulazimika kununua kila kitu, na chumba chake utakijua, utaingia ubavu ubavu.

Mjapani Marie Kondo amepata umaarufu mkubwa kwa kuwafundisha watu kupunguza vitu majumbani mwao. Anamwambia mtu ashike kitu, abaki nacho kama kinampa furaha. Shangazi angemsikiliza kwa heshima. Yeye swali lake lilikuwa jingine kabisa: humu ndani nani anacho?

Adui mkubwa wa ufundi huu, kwa maoni yangu, ni kichenpati. Bibi harusi anakwenda kuanza maisha katika chumba kimoja, na shoga zake wanamkabidhi seti nne za glasi, hotipoti za kila ukubwa na mashine ya kusagia juisi. Upendo upo, sikatai. Lakini kabati la kuviweka hawakumpa, wala ukuta wa kuliegemeza.

Nisieleweke vibaya. Watu sita kulala chumba kimoja si fadhila, ni kodi kubwa na kipato kidogo, na mwenye nyumba anayedai miezi sita mbele hafundishi mtu maisha ya kiasi. Hata hivyo, wapangaji wawili wa korido moja, kipato kimoja, chumba saizi moja, mmoja kwake pana hewa na mwingine hapana. Tofauti hiyo haikuletwa na umaskini.

Sasa nyumba zile zinabomolewa na maghorofa yanapanda. Vyumba vimeongezeka, ua umeondoka. Kila mlango wa chuma una ngazi yake, pasi yake na ndoo zake za akiba ya maji, na vyumba viwili vinajaa upesi kuliko kimoja kilivyojaa. Kwa hiyo nina ombi kwa wenye viwanja. Kabla hamjakubali mchoro wa ghorofa, mwambieni msanifu aache uwanja mmoja wa pamoja kila sakafu, wenye bomba, kamba za nguo, na mahali pa kuweka kinu cha wote.