Wanne wa Jina Moja

Vijana wenzangu, kabla sijahakiki naomba niungame. Ubeti ninaouleta hapa niliutupa siku ile ile niliyousoma. Nilitamka mbele za watu kwamba mtunzi wake hajui anachokisema, nikaanza na kuandika makala ya kumwambia hivyo. Bahati nzuri sikuimaliza.

Ubeti wenyewe ulitufikia kwa simu. Mshikaji wetu aliyeko Mombasa aliutuma kwenye kijiwe chetu cha Dar es Salaam, sisi tunaokutana jioni kando ya meza ya mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Akasema, "Haya, mafundi wa Kiswahili, fumbueni hili":

Yumo mmoja porini, kwato zake zakimbia,
Pacha wake yu nyumbani, haijui hata njaa,
Wa tatu yuko jikoni, kisu mkononi pia,
Wa nne yuko angani, jina lao atumia.

Swali: hao wanne ni akina nani, na jina lao ni lipi?

Basi tukaanza. Wa porini tulimrundikia majina: swala, paa, pundamilia, hata nyati. Kilichotushinda ni mstari wa pili. Pacha gani huyo anayekaa nyumbani asijue njaa? Mmoja akasema mbuzi. Tukashangilia, maana mbuzi wa kufugwa hushiba, na mbuzi ya kukunia nazi imo jikoni na meno yake ya chuma. Lakini mbuzi wa angani yuko wapi? Shangwe ikafa. Mwingine akasema mtoto wa tajiri. Mwingine akasema paka. Saa mbili zikapita hivyo, na hapo ndipo mimi, bwana mhakiki, nikatoa hukumu: ubeti huu ni maneno matupu.

Dada mmoja wa kikundi, asiye na maneno mengi, akaomba simu. Akausoma ubeti kwa sauti, polepole, kama anayeghani. Akafika mstari wa pili akarudi nyuma.

"Jamani, sikilizeni. Zakimbia, pia, atumia. Halafu njaa? Hiki kina kimetoka wapi?"

Kimya. Tukahesabu mizani: nane kwa nane, hakuna iliyopungua. Ni kina tu kilichokataa. Ukibadili herufi moja, njaa inakuwa njia, na vina vyote vinakaa sawa. Tukampigia mshikaji wa Mombasa. Akacheka mpaka akakohoa: kumbe kidole kiliteleza alipokuwa akiandika.

Haijui hata njia! Sasa pacha si mtu aliyeshiba tena. Ni kitu kisichotoka nyumbani kamwe, wakati mwenzake anakimbia porini. Kijana ambaye baba yake ni fundi wa kuezeka akaruka juu: "Paa! Paa la nyumba!" Na paa wa porini tulishamtaja tangu mwanzo bila kujua kuwa tumemshika. Wa angani akaja mwenyewe, maana ndege hupaa. Akabaki wa jikoni. Hapo tukakwama tena, kwa sababu sisi pale kijiweni tumezoea kusema kupara samaki. Mama akatugeukia, mwiko mkononi:

"Wanangu, samaki si unampaa kwanza ndiyo umkaange?"

Tukapiga makofi yote tuliyokuwa nayo. Mimi nilipiga pia, ila ya kwangu yalikuwa na aibu ndani yake.

Sasa nihakiki kama inavyostahili. Kwanza, kina. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 tumesikia kwamba vina ni pingu. Upande wa pili wapo wanaoshika kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, kama msahafu. Mimi hutunga bila vina na sina nia ya kuacha. Lakini jioni ile niliona kazi ya kina ambayo sikuwahi kuifikiria: kina hulinda neno. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, zilikaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajazikusanya, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Utungo unaosafiri kwa midomo namna ile ukiteguka mahali, sikio la msikilizaji husikia palipoteguka. Dada yetu alifanya kazi hiyo hiyo, akiwa na simu mkononi.

Pili, je, fumbo lilikuwa la haki? Mwenzetu mmoja alinuna. Alisema paa wawili ni vitu, na wawili waliobaki ni vitendo, kwa hiyo kuwaita wote "wa tatu" na "wa nne" ni hila. Nimelifikiria hilo, nami nasema ni haki. Mtunzi ametuonya mwishoni: jina lao atumia. Alikuwa akiuliza jina, sisi tukatafuta viumbe. Kosa ni letu.

Tatu, kasoro ipo. Lile neno "pia" katika mstari wa tatu halina kazi. Limewekwa kuziba pengo la mizani na kuleta kina. Mtunzi hodari angetafuta neno lenye uzito zaidi.

Lakini kasoro ya "pia" ni ndogo kuliko yangu. Mwaka jana niliwasomea wenzangu shairi langu refu, lenye giza, vioo na ndege wasio na mabawa. Yule dada aliniuliza, kwa heshima, "Kaka, hapa ulikuwa na maana gani?" Nikamjibu kwamba mshairi hajifafanui. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kuficha. Hata tungekaa watu kumi, fundi, mama wa samaki na mshikaji wa Mombasa, wasingefumbua kitu, kwa kuwa ndani hamkuwa na kitu.

Huo ndio mtihani ninaoujaribu siku hizi, nanyi mnaoanza kutunga mnaweza kuujaribu. Kabla hujaita shairi lako gumu, andika jibu lake pembeni, kwa maneno ya kawaida, kisha uwape watu shairi bila jibu. Wakihangaika mkesha mzima na hatimaye wakafika, umetunga fumbo.

Lile shairi langu nimelitoa tena daftarini. Nimekaa nalo wiki mbili, na ile nafasi ya pembeni bado iko wazi.