Mtego na Chambo: Uhakiki wa Wahusika Wanaopigana kwa Kutega

Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea kuambiwa kwamba mtego ni silaha ya mnyonge. Simba ana makucha, tembo ana uzito, sungura ana akili; basi sungura akitega, hadhira humshangilia. Maelezo haya hukumbukika kwa urahisi katika mtihani, lakini hayatoshi. Makala haya yanadai kwamba mhusika anayepigana kwa mitego hapimwi kwa udogo wala ukubwa wake, bali kwa chambo anachokitumia. Nitatumia matini mbili: "Kisa cha Punda wa Dobi", kilichomo katika mkusanyiko wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913.

Katika kisa cha punda, sungura hamtetei mnyonge yeyote. Simba hana nguvu za kuwinda, na sungura ndiye anayekwenda kumtafutia nyama. Anamwendea punda na posa: ametumwa na simba kuja kumchumbia. Punda anafurahi, anafuatana naye, anashambuliwa, anaponea chupuchupu. Kisha anabembelezwa tena na kurudi kufa. Sungura anakula moyo na masikio kwa siri, halafu anamweleza simba kwamba punda hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Tunacheka, lakini aliyekufa ni kiumbe aliyedhani amepata mchumba.

Kisa hiki kimo ndani ya kisa kingine. Anayekisimulia ni kima, akimwambia papa. Kima alimlisha papa matunda ya mkuyu siku nyingi hadi wakawa marafiki. Papa akamkaribisha kwao, kumbe sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Wakiwa katikati ya bahari, kima anasema kwamba moyo wake ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Papa anageuka, kima anaparamia mti wake, na mchezo umekwisha. Hapa tuna mitego mitatu. Papa alitega kwa urafiki, sungura kwa posa, lakini kima alitega kwa tamaa ya papa mwenyewe. Kama papa asingeutaka moyo wa rafiki yake, uongo wa kima usingemnasa.

Tofauti hiyo hiyo inajitokeza katika utenzi wa Liyongo. Akiwa kifungoni, shujaa huyu anapata tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa alioletewa na kijakazi Saada. Mama yake anajua tabia ya walinzi: chakula kizuri watakila wao, mkate mbaya watampa mfungwa. Ulafi wao ndio unaoipitisha tupa mlangoni. Sultani wa Pate, kwa upande wake, anatega kwa mambo mema. Kwanza ni kikoa, yaani utaratibu wa kula pamoja kwa zamu: Liyongo apande mkoma kuangua matunda, apigwe mishale akiwa juu. Liyongo anayaangusha matunda kwa mishale yake na kunusurika. Hatimaye anatumiwa mwanawe wa kumzaa, amuulize babake siri ya kifo chake. Siri ni sindano ya shaba kitovuni. Baba anaitoa kwa sababu anayeuliza ni mwana.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Liyongo naye aliitumia ngoma ya gungu, ambayo ni furaha ya watu. Ni kweli, lakini ngoma ile ilificha mlio wa tupa tu. Haikumwalika mtu aje auawe. Baada ya gungu, watu wa Pate wangeweza kucheza gungu tena. Baada ya kikoa kile, nani angekaa kula kwa zamu bila kutazama nyuma yake?

Jibu la utenzi liko kisimani. Liyongo aliyejeruhiwa anakufa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mji ulioshinda kwa mtego unakiogopa kisima chake wenyewe, hadi mama wa marehemu aitwe. Wahakiki wengi huliona tukio hili kama utukuzaji wa shujaa. Mimi naliona pia kama hukumu juu ya mtegaji: aliyekiharibu kikoa na upendo wa mwana amejinyima hata maji.

Sisi tunaosoma Kiswahili Juba tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Baada ya mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, hofu ya mialiko si jambo la hadithini tu. Mtu akiitwa mezani huuliza kwanza nani mwingine ameitwa, na mlango uko wapi. Wengi wetu tulilelewa na ngano za wanyama wajanja kabla ya kukijua Kiswahili, na kesho baadhi yetu tutazifundisha. Tukiwaambia watoto kwamba mjanja ni mjanja tu, tutakuwa tumemweka kima na papa katika kundi moja. Swali la darasani lisiishie "nani alishinda?" Tuwaulize pia chambo kilikuwa nini, na kama baada ya hapo kiliweza kuliwa tena na watu.