Orodha ya Tuam

Wacha nianze na ungamo. Makala iliyonikosesha usingizi mwaka huu haikuandikwa na mtu yeyote ninayemfuata mtandaoni. Iliandikwa na mke wa mkulima, ikachapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la chama cha historia cha mji mdogo uitwao Tuam, kaunti ya Galway, magharibi mwa Ireland. Jarida lenyewe ni Journal of the Old Tuam Society. Ukisikia jina kama hilo unapiga miayo, ama? Hata mimi nilipiga.

Kabla sijafika kwa makala, wacha nieleze hivi vyama ni nini, maana huko mashambani Ireland viko kila upande. Wanachama wengi ni watu wazima: mwalimu mstaafu, karani, mkulima, mtu wa duka. Majira ya baridi wanakutana jioni ukumbini, mmoja anasoma mada kuhusu daraja la zamani ama reli iliyong'olewa, watu wanauliza maswali, kisha chai inamiminwa. Kukipambazuka vizuri kiangazi wanatoka pamoja kukagua magofu. Wengine wanapiga magoti makaburini na brashi na daftari, wakinakili majina kabla mvua haijamaliza kuyafuta. Wanakusanya majina ya mashamba, hata yale ya kipande cha ardhi ambacho kinatosha ng'ombe wawili tu. Mwisho wa mwaka wanatoa jarida.

Unaweza kuwacheka. Lakini kumbuka kwamba tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma jijini Dublin ililipuka na kuteketea. Karatasi za karne nyingi, pamoja na karibu sensa zote za kuanzia 1821 hadi 1851, zilipeperuka juu ya jiji zikiwa majivu. Nchi iliyopoteza kumbukumbu zake kwa siku moja ina sababu ya kuheshimu mtu mwenye daftari. Na huo moyo si wa wazee peke yao. Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 walitumwa nyumbani kuwauliza wakubwa wao hadithi, dawa za mitishamba, majina ya visima na habari za Njaa Kuu. Walichoandika kimehifadhiwa mpaka leo, na unaweza kukisoma kwa simu, mwandiko wa mtoto na wino wake vikiwa vilevile.

Sasa nikiwa mhakiki, sitaishia kusifu. Majarida ya vyama hivi yana ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Kurasa zinajaa jumba la bwana mwenye ardhi, timu iliyobeba kombe, askofu aliyejenga kanisa. Kila mtu alikuwa mchapakazi, kila padri alikuwa mpole. Na sababu yake haihitaji elimu kubwa: msomaji ni jirani. Ukiandika kwamba fulani alimfukuza bintiye mwaka wa 1934, mjukuu wa huyo fulani atakuwa amekaa safu ya pili kwenye mkutano ujao, kikombe mkononi, akikuangalia.

Ndani ya jarida la namna hiyo ndipo Catherine Corless alipoweka makala yake. Aliipa kichwa cha maneno mawili: "The Home".

Habari yenyewe ni hii. Pale Tuam palikuwa na jengo la mawe lililojengwa miaka ya 1840 kama nyumba ya kufungia maskini kazini. Baadaye wanajeshi walilitumia. Kisha, kati ya 1925 na 1961, masista wa shirika la Bon Secours wakaliendesha kama kituo cha akina mama na watoto, pesa zikitoka serikalini. Msichana aliyepata mimba nje ya ndoa alipelekwa huko kujifungua. Alikaa kama mwaka hivi akifanya kazi bila mshahara, kisha aliondoka, na mtoto akabaki. Wenyeji waliita mahali hapo Home tu, na watoto wakaitwa watoto wa Home. Jengo lilibomolewa baadaye na nyumba za kuishi zikajengwa. Katikati ya miaka ya 1970 wavulana wawili waliokuwa wakicheza waliinua bamba la saruji wakaona mifupa. Watu wakasema hiyo lazima ni mifupa ya wakati wa njaa. Pakaombewa, pakafunikwa. Majirani wakapalilia na kupanda maua.

Corless hakuwa profesa. Alikuwa amechukua darasa la jioni la historia ya mitaa, akafundishwa kitu ambacho kila mwandishi angefaa kufundishwa: ukikuta pengo, usilirukie. Alilaza ramani mpya juu ya ramani ya zamani, akaona kwamba pale wavulana walipoiona mifupa ndipo lilipokuwa tangi la maji taka la lile jengo kongwe. Akauliza ofisi ya usajili kule Galway ni watoto wangapi walikufa Home. Vyeti vikaanza kuja, kila kimoja akikilipia euro nne kutoka mfuko wake. Hesabu ilipokamilika ilikuwa 796. Alipotafuta majina hayo katika kumbukumbu za makaburi ya eneo hilo, karibu yote hayakuwepo. Sasa kama hawakuzikwa makaburini, walizikwa wapi?

Hilo swali ndilo makala. Na hapa nataka tubishane kidogo, mimi na wewe uliyezoea kusoma riwaya.

Tumefundishwa kwamba orodha si fasihi. Orodha haina mhusika, haina mgogoro, haina lugha ya picha. Lakini chukua hiyo orodha ya Tuam uisome polepole. Jina. Umri: miezi mitatu, wiki tano, miaka miwili. Tarehe. Ugonjwa: surua, kifaduro, kifua kikuu, homa ya mapafu, degedege. Jina lingine. Baada ya muda unaanza kusoma kama msomaji wa riwaya, yaani unaunganisha. Unaona majina yanayofuatana kwa siku chache, ugonjwa uleule, na unaelewa kwamba surua imeingia bweni. Hakuna aliyekueleza. Karatasi zimewekwa tu kwa mpangilio, na moyo wako ndio unaofanya kazi iliyobaki.

Fikiria vile tangazo la kifo linavyosomwa kwa redio yetu. Jina la marehemu likitajwa, linafuatwa na msafara mzima: mwana wa, ndugu wa, mjukuu wa, shemeji wa. Wakati mwingine tunachoka kusikiliza. Kumbe huo msafara ndio unaomfanya marehemu awe mtu wa watu. Orodha ya Tuam haina msafara. Kila jina limesimama peke yake, kama mtoto aliyeachwa stendi. Na huo upweke si mtindo wa mwandishi. Ndivyo ilivyokuwa.

Ulinganishe na riwaya. Mwaka wa 2021 Claire Keegan alitoa Small Things Like These, kitabu chembamba kilichoingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka uliofuata, kisha kikawa filamu na Cillian Murphy. Ni kuhusu Bill Furlong, muuza makaa wa mji wa New Ross, ambaye karibu na Krismasi ya 1985 anamkuta msichana amefungiwa ndani ya banda la makaa la masista. Nakipenda hicho kitabu, na kila sentensi yake imepimwa. Lakini kinanipa kitu ambacho nakishuku: kinanipa Furlong. Nikisoma, mimi ni Furlong. Nasimama upande wake, nafanya atakachofanya, nafunga kitabu nikijiona mtu mwema. Kumbe ukweli wa hesabu ni kwamba katika miji hiyo Furlong walikuwa wachache sana. Waliobaki walijua nusu, wakanyamaza nusu.

Corless hakujipa nafasi ya Furlong. Ameeleza hadharani mara nyingi kwamba yeye mwenyewe alisoma shule moja na watoto wa Home. Waliletwa wakichelewa kidogo na kuondolewa mapema, wasichanganyike na wengine. Siku moja, akiiga mzaha wa mwenzake, alikunja karatasi tupu ya peremende ikaonekana ina kitu ndani, akampa mmoja wao. Mtoto akaipokea kwa furaha. Ndani hapakuwa na kitu. Corless alikuwa mtu mzima, mwenye watoto wake, ndipo hiyo karatasi ikaanza kumrudia.

Hii ndiyo nguvu ya historia ya mitaa ikifanywa kwa ukweli. Mwandishi hawezi kusimama nje. Mwandishi wa jiji akija Tuam anaweza kusema "wao". Mwanachama wa chama cha Tuam anaandika juu ya masista waliosalimiana na mama yake, juu ya shule aliyokaa yeye mwenyewe, juu ya ukimya ambao na yeye aliushiriki kwa karatasi moja ya peremende. Ile adabu niliyoilaumu pale juu, Corless hakuivunja kwa kupiga kelele. Aliitumia. Aliuliza swali kwa upole ndani ya jarida la majirani, na upole wenyewe ukakataa kuwaacha waondoke.

Mwaka wa 2012 makala haikutikisa chochote. Kelele zilikuja 2014, magazeti ya nje yalipoichukua. Na hapo ndipo unaona tofauti ya uandishi na uandishi. Vichwa vya habari vilitangaza kwamba watoto 800 "wametupwa" ndani ya tangi. Corless akalalamika kwamba hilo neno hakulitumia yeye. Alichokuwa nacho ni vyeti, ramani na swali, na alijua mpaka wa kila kimoja. Wakosoaji walishika chumvi ya magazeti wakasema habari yote ni uzushi. Yaani ile haraka ya kushtua wasomaji karibu imharibie aliyefanya kazi taratibu. Sisi tunaoandika kwa mbio za usiku mmoja tuipe hiyo dakika mbili.

Kilichofuata kilimtetea. Tume ya uchunguzi ya serikali ilitangaza Machi 2017 kwamba chini ya ardhi pale Tuam kuna muundo wenye vyumba 20, na katika angalau 17 kulikuwa na mabaki ya binadamu, ya watoto wachanga na wadogo. Ripoti ya mwisho ilitoka Januari 2021. Ilihusu taasisi 18 za namna hiyo nchini kote na kusema watoto wapatao 9,000 walikufa humo. Waziri mkuu aliomba msamaha bungeni, na masista wa Bon Secours nao wakaomba msamaha wao.

Kwa nini mimi, kijana wa Nairobi, nimebeba haya? Kwa sababu Ireland si mbali kama ramani inavyodai. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka wa 1921 na kufungua shule ambazo wasichana wengi wa hapa wamepitia. Si shirika lile la Tuam, na sitaki mtu achanganye. Lakini mamangu alifundishwa na sista kutoka Ireland, na mpaka leo akitaja nchi hiyo anaitaja kama mahali ambapo watu wema hutoka. Nilipomsomea habari ya Tuam kwa simu alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Na mama zao, waliambiwa?" Wengi hawakuambiwa. Hilo ndilo jambo la kwanza alilotaka kujua, na mimi katika kusoma kwangu kote nilikuwa nimehesabu watoto tu.

Julai 2025 kazi kamili ya kufukua ilianza pale Tuam. Wataalamu wanachambua udongo kidogo kidogo, na baadhi ya ndugu waliobaki, wengine wakiwa wazee sana, wametoa chembechembe za mwili zilinganishwe na zile za mifupa. Kazi yenyewe itachukua muda. Wanachojaribu kufanya ni kulirudisha kila jina kwa mwili wake, kama itawezekana, na kulipa angalau mtu mmoja wa kusimama nyuma yake na kusema: huyu ni ndugu yangu.

Ukiwa na jioni moja, isome orodha kabla ya riwaya. Soma kwa sauti ukiweza. Mimi nilifika jina la arubaini hivi, nikainuka kwenda kunywa maji, kisha nikarudi.