Seva Iko Ulaya, Deni Liko Butembo

Luviro iko katika teritwari ya Lubero, ile inayopakana na Butembo, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilijenga hapo kituo cha umeme wa maji, na mwaka 2020, kando ya kituo, yakapangwa makontena yaliyojaa kompyuta. Korona ilikuwa imefunga utalii, mto ulikuwa unazungusha mitambo, na nyaya za kuwafikishia watu umeme zilikuwa bado hazijaenda mbali. Emmanuel de Merode, mkurugenzi wa hifadhi, akaona umeme usio na mnunuzi afadhali uchimbe Bitcoin. Tangu hapo, kila ninapoketi na vijana wa Butembo wanaotaka kuuza seva, swali ni lile lile: ikiwa kompyuta zinaendeshwa kwetu, kwa maji yetu, kwa nini sisi tukodi mashine Ujerumani na Ufaransa halafu tuziuze hapa vipande vipande?

Ni swali la haki, na linastahili jibu la kiufundi.

Mashine za Luviro zinajua kazi moja tu. Kila moja inarudia hesabu iitwayo SHA-256 usiku na mchana. Ukiiomba ifungue ukurasa wa tovuti au itunze alama za wanafunzi, haiwezi. Mahitaji yake ya intaneti ni madogo mno. Duniani kote bloku moja ya Bitcoin hupatikana kila baada ya dakika kama kumi, na mashine hutuma na kupokea tarakimu chache tu. Umeme ukikatika saa nzima, hasara ni mapato ya saa hiyo, wala hakuna anayepiga simu kulalamika. Seva ya mteja haili umeme mwingi kiasi hicho, lakini haivumilii kuzimika hata dakika tano. Inataka njia mbili za intaneti zisizotegemeana, inataka ubaridi wa kudumu, inataka fundi aliye macho saa nane za usiku mwenye diski ya akiba mkononi. Umeme tumeupata. Hayo mengine bado hatuna kwa bei ambayo mteja wa Butembo anaweza kulipa.

Njia yenyewe ni ndefu. Nyaya za bahari zilizo karibu nasi hutua Mombasa, na tarehe 12 Mei 2024 mbili kati ya zinazohudumia pwani hii, EASSy na SEACOM, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Seva iliyoko Butembo, ikifungiwa njia namna hiyo, inapotea kwa dunia nzima. Iliyoko Ulaya inapotea kwetu tu, na ndugu walio nje wanaendelea kuifungua.

Tazama redio, maana ndiyo mteja anayeonyesha jambo hili waziwazi. Butembo na Beni zina redio nyingi, na watu wa huku walioko Kampala, Brussels au Montréal wanataka kusikia habari za nyumbani kwa sauti wanayoijua. Tuseme redio inarusha sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Wasikilizaji 200 wakichota moja kwa moja kutoka studio, studio lazima ipandishe megabiti 12.8 kila sekunde bila kupumzika, na laini ya kawaida ya hapa haibebi mzigo huo. Ukikodi seva pepe Ulaya na kuweka ndani yake programu kama Icecast, studio inapandisha sauti mara moja tu, kilobiti zile zile 64, ambazo hata simu yenye mega za intaneti inaziweza. Seva ndiyo inayoizidisha kwa watu 200. Wakikaa mwezi mzima bila kuondoka, itakuwa imetoa kama terabaiti 4. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu wa redio bei, mchuuzi asome kwenye mkataba wa msambazaji wake ni terabaiti ngapi zinaruhusiwa kwa mwezi, na zikizidi kinatokea nini: je, wanakutoza zaidi au wanakubana kasi?

Ushirika wa akiba na mikopo wenye ofisi Butembo, Beni na Kasindi una shida ya namna nyingine. Programu yake ya hesabu inauliza hifadhidata maswali mengi kwa kila ukurasa. Tuseme kila swali linachukua milisekunde 200 kwenda Ulaya na kurudi, na ukurasa mmoja una maswali 40: karani anakaa sekunde 8 akisubiri, huku mama aliyeleta akiba yake amesimama mbele yake. Dawa si kununua seva kubwa zaidi. Dawa ni kuweka programu na hifadhidata pamoja kwenye seva, maswali 40 yaishie humo humo, na kinachovuka bahari kiwe ukurasa uliokwisha kamilika. Mteja wa aina hii ningemtafutia mashine Nairobi hata kama bei inapanda. Wa redio ningemwacha Ulaya.

Sasa kugawa. Butembo iliijua kazi hii kabla haijafika kwenye kompyuta. Wafanyabiashara kadhaa wanajaza kontena moja Guangzhou au Dubai, linashuka Mombasa, linapita Kampala, linavuka mpaka Kasindi, na mzigo unagawanywa hapa, kila mtu na fungu lake. Mwenye kuuza seva pepe anafanya hivyo hivyo, na ana njia mbili. Anaweza kununua seva pepe moja moja kwa bei ya jumla na kuziuza kwa jina lake. Kazi ni ndogo, faida ni ndogo. Au anakodi mashine nzima, anaweka programu ya kuigawa kama Proxmox, inayotumia KVM iliyomo ndani ya Linux tangu 2007, na anakata vipande mwenyewe.

Lakini nafasi ya ndani ya kontena huwezi kuiuza mara mbili, kwa sababu gunia la pili litabaki nje na kila mtu ataliona. Mashine unaweza kuiuza mara mbili na kwa muda fulani hakuna atakayejua. Prosesa inavumilia hilo kidogo, kwa kuwa tovuti nyingi hukaa kimya sehemu kubwa ya siku. RAM haivumilii. Ukiahidi gigabaiti 100 juu ya mashine yenye 64, siku wateja wote watakapoamka pamoja, mashine itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila mmoja ataona seva yake imeganda. Mteja anayejua anaweza kukukamata kirahisi: anaandika neno top kwenye seva yake na kutazama tarakimu iliyo kando ya herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao prosesa yake ilihitajika kwake ikawa inamtumikia jirani. Ikigusa 0 au 1, sawa. Ikikaa kwenye 20 mchana kutwa, ameuziwa kitu ambacho kimeuzwa pia kwa mwingine. Mimi naona huo ni wizi, hata kama mkataba umeandikwa kwa maneno ya kuuficha.

Hesabu yenyewe naiweka hapa kwa mfano tu, bei zinabadilika. Tuseme mashine ya gigabaiti 64 ni dola 60 kwa mwezi. Unaacha gigabaiti 8 kwa ajili ya mashine yenyewe, unabaki na 56, vipande 14 vya gigabaiti 4. Kila kipande kinataka anwani yake ya IP. Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4 iliisha Februari 2011, na sasa zinakodishwa. Weka dola 2 kwa kila moja, jumla 28. Weka dola 12 za mahali pengine pa kutunza nakala rudufu. Unafika dola 100. Ukiuza kipande kwa dola 15, mteja wa saba ndiye anayekutoa kwenye hasara, na ukijaza vyote 14 unabaki na dola 110 za kugharimia mega, usafiri na usingizi wako.

Kwenye karatasi inapendeza. Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Msambazaji wa Ulaya anavuta pesa kwenye kadi tarehe moja, kwa euro, bila kumuuliza mtu. Mteja wa Beni analipa kwa M-Pesa tarehe 9, mwingine 17, mwingine anasema subiri kidogo. Wengine wanaleta dola mkononi, na noti yenye kona iliyochanika hakuna atakayeipokea kwako. Pesa hizo lazima ziingie benki, ziingie kwenye kadi, zibadilishwe, na kila mlango unakata chake. Niliwahi kufungiwa mashine yenye wateja tisa kwa sababu kadi ilikuwa na upungufu wa dola 4. Nilikuwa na pesa hizo mfukoni, Jumapili jioni, na hapakuwa na pa kuzipitisha mpaka Jumatatu asubuhi. Mtaji wa biashara hii, kwa hiyo, ni gharama za miezi mitatu zilizokwisha kaa upande wa msambazaji kabla ya mteja wa kwanza. Kwa mfano wetu ni dola 300. Asiye nazo aanze na njia ya kwanza, seva moja moja.

Upande wa wateja nimeona kinachofanya kazi ni kufuata majira yao. Shule inapata pesa wazazi wanapolipa minervali, yaani karo, basi itoze kwa muhula. Mnunuzi wa kakao au kahawa ana pesa wakati wa mavuno. Mtoze mwaka mzima hapo hapo na umpunguzie kitu. Kumdai kila mwezi mtu anayepata pesa mara mbili kwa mwaka ni kujitafutia ugomvi.

Kulipia mapema kuna sababu nyingine, na sisi tunaikumbuka. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilipiga kura bila Beni na Butembo, zilizoahirishiwa hadi Machi kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na usalama. Kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Tovuti zetu zilizokuwa Ulaya hazikuzimika, ila mchuuzi ambaye ankara yake iliangukia siku hizo hakuwa na mlango wa kuilipia. Aliyekuwa ametanguliza miezi mitatu alipita salama.

Na Ulaya nako moto huwaka. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la kampuni ya OVH, mjini Strasbourg, liliungua lote, na kampuni ya Netcraft ilikadiria kwamba tovuti milioni 3.6 zilizimika. Miongoni mwa wateja walikuwepo waliolipia nakala rudufu. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru OVH imfidie mmoja wao, kwa kuwa nakala yake ilikuwa imewekwa katika jengo lile lile. Ndiyo maana zile dola 12 nimeziandika kwa mahali pengine: mji mwingine, na ikiwezekana kampuni nyingine. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Kila miezi mitatu chukua moja, iweke kwenye seva tupu, pima dakika.

Kuna pia barua pepe taka. Tovuti ya mteja mmoja isiyofanyiwa masasisho inavamiwa, inatuma barua maelfu, anwani yake ya IP inaingia kwenye orodha nyeusi, na msambazaji anaweza kufunga akaunti yako nzima bila kutofautisha mwenye kosa na jirani yake. Funga mlango namba 25, ule wa kutumia barua pepe, kwa kila mteja tangu mwanzo, umfungulie anayeuomba na anayejua anachofanya.

Tangu serikali ya mkoa ihamie Beni baada ya Goma kutekwa Januari 2025, naona ofisi na mashirika yanayotafuta mahali pa kuweka data zao yanaongezeka mjini humo. Data hizo ni majina ya watu, na tangu Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa taarifa binafsi. Mkataba wa mdomo hautoshi tena. Andika data ziko nchi gani, nani anazifikia, na mteja akiondoka anazichukuaje.

Mkataba wangu wa kwanza wa maandishi niliupeleka kwa mkuu wa shule ya sekondari huko Beni. Niliieleza seva, nikaonyesha nakala ya alama ikirudi mbele ya macho yake kwa dakika 23. Akasoma ukurasa wa mwisho mara mbili, akavua miwani.

“Mwanangu, haya yote yako kichwani mwako. Hiyo barabara uliyokuja nayo unaijua. Ukipatwa na jambo kesho, ufunguo nitauomba kwa nani?”

“Papa Prefe, hilo sikuliandika.”

“Basi liandike, nitasubiri.”

Niliandika kwa mkono, pale pale mezani pake: nywila zote katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na kupigwa muhuri wa shule, pamoja na jina la fundi wa pili ambaye shule ingempigia. Bahasha ikaingia kwenye sanduku la pesa la shule, chini ya daftari la minervali. Kila ninapobadilisha nywila napanda pikipiki kutoka Butembo, kilomita 54, kupeleka bahasha mpya na kuichoma ya zamani mbele yake.